Usimtunze mhudumu kama mcheza ngoma

Majuzi hotelini kwetu tulikuwa na wageni tisa kutoka Shinyanga, ukoo mmoja, wamekuja kisiwani kumpumzisha baba yao aliyestaafu. Jioni ya mwisho, baada ya sato wa kuchoma, mzee akasimama, akamwita binti aliyekuwa akiwahudumia mezani, akambandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Vigelegele. Binti akapiga goti kidogo, akashukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, baba." Kisha akaingia jikoni. Nikamkuta ameegemea friza, noti ameishika kwa vidole viwili kama kitu alichookota njiani.

"Mama, sasa wenzangu nitawaambia nini?"

Mzee hakufanya kosa, maana alitoa kama tunavyotoa siku zote. Sisi tumekulia kwenye kutunza. Kwenye ngoma, kwenye sendofu, kwenye kuaga mwali, unainuka na noti yako, unacheza mpaka mbele, unaibandika watu wakikuona. Kuonekana ndiyo nusu ya zawadi yenyewe. Tatizo ni kwamba mcheza ngoma amekuja ili atazamwe, na mhudumu wa hoteli amefundishwa miezi mitatu jinsi ya kuweka sahani mezani bila mtu kugundua kwamba amepita. Ukimtunza hadharani unamtoa kwenye kazi yake na kumweka jukwaani, tena nyuma yake wako watu sita waliopika, waliofua na waliobeba maji ambao jukwaa hilo halikuwataja.

Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Nilianza kutandika vitanda Unguja, nikapanda mapokezi, na sasa nasimamia huduma kwenye hoteli ndogo kisiwani, mwendo wa saa moja na ushee kwa boti kutoka Mwanza ziwa likiwa tulivu. Zamani swali la bakshishi, ile pesa ya asante kwa mhudumu, liliulizwa na Wazungu. Siku hizi wanaoniuliza kwa simu kabla ya kuja ni Watanzania wenzangu, na huuliza kwa aibu kidogo: "Dada, hivi pale mwisho mnaachiwa shilingi ngapi?"

Kwanza jina. Bakshishi ni neno la kamusi, sisi kazini tunasema tipsi, na wageni wa makamo husema "asante yenu". Neno takrima nalo lilikuwa zuri, mpaka likaingia kwenye sheria ya uchaguzi, kuwaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaja kuvifuta vifungu vyake mwaka 2006. Tangu hapo ukilitaja mtu anakuangalia kwa jicho la pembeni. Neno ambalo nakuomba usilitumie kabisa kwa mhudumu ni "chai". Chai inatangulia huduma, inatolewa ili mambo yaende. Bakshishi inafuata, mambo yakiwa yameshakwenda. Mgeni anayenipa elfu ishirini siku anayofika ili nimpe chumba cha kutazama ziwa ananiweka pabaya, hata kama chumba kiko wazi na ningempa bure.

Sasa kiasi. Watu wanataka asilimia, kwa sababu wamesoma kwamba Wamarekani hutoa asilimia 15 hadi 20. Lakini Mmarekani ana sababu yake. Kwao sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, mradi bakshishi ijazie mpaka kima cha chini cha kawaida cha dola 7.25. Majimbo mengine yamepandisha, mengine hayajapandisha. Kwa hiyo mgeni wa kule akila bila kuacha kitu, amekula mshahara wa mtu. Mjapani naye katoka nchi ambako ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie. Nilipokuwa Unguja nilipata kununiwa na mwenzangu siku nzima kwa sababu meza yake ilikuwa ya Wajapani na yangu ya Wamarekani. Hapakuwa na mbaya kati ya wale wageni. Kila mmoja alikuja na desturi ya kwao mfukoni.

Visiwa vyenyewe navyo havifanani. Maldives sheria ya ajira inailazimisha hoteli itoze asilimia 10 ya huduma na kuwagawia wafanyakazi, kwa hiyo unachoacha juu yake ni hiari kabisa. Shelisheli mara nyingi tozo hiyo imo tayari kwenye ankara. Kwetu Tanzania bara utakachokuta karibu kila mara ni VAT, kwa kawaida asilimia 18, na hiyo ni ya serikali, mhudumu haioni hata kivuli. Ukiona kwenye menyu imeandikwa "tozo ya huduma", uliza kwa sauti ya kawaida tu: hii inawafikia wahudumu? Jibu likija na kigugumizi, umeshajibiwa. Uingereza imebidi watunge sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, kumzuia mwajiri asikate hata senti kwenye bakshishi ya wafanyakazi. Sheria haitungwi bure.

Nami nina sababu ya kulisemea hilo. Hoteli yangu ya pili, ambayo sitaitaja, mgeni mmoja aliyekaa wiki tatu aliacha bahasha nono kwa "wafanyakazi wote" na kumkabidhi meneja. Tulijua habari zake miezi miwili baadaye, mgeni alipoandika kutuuliza kama ilitosha kufanya ile sherehe aliyotuahidi. Meneja alisema zilinunua sare. Sare tulikuwa tumekatwa kwenye mshahara.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza "shilingi ngapi", uliza "inapita wapi". Kwetu kuna sanduku la mbao mapokezi, lina kufuli mbili, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine anao mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake. Tunafungua kila Jumatatu, tunahesabu mezani mbele ya watu, tunagawa. Vijana wengi hapa wametoka kwenye familia za wavuvi, kwa hiyo sikuhitaji kuwafundisha mgao. Kwenye boti ya dagaa gharama zikishatolewa, kinachobaki kina mafungu yake: la mwenye chombo, la mvuvi mmoja mmoja, na kitoweo kidogo cha kupeleka nyumbani. Walichobishania ni kama dobi apate sawa na mhudumu wa meza. Tulibishana usiku mzima. Dobi akashinda kwa hoja moja: "Shuka likiwa na doa, nani anayepewa tipsi?"

Hata hivyo sikukatazi kumpa mtu mmoja aliyekufaa kwa namna yake. Yule aliyekesha na mtoto wako mwenye homa, mpe mkononi, unapomuaga, noti imekunjwa ndani ya kiganja. Ile ni yake peke yake na kwetu hailetwi sandukuni.

Kwa makisio, na haya ni ya kwangu, hayakuandikwa popote: Mtanzania anayejilipia chumba akimwachia mhudumu wa vyumba elfu mbili hadi elfu tano kwa usiku, na akaweka sandukuni elfu kumi au ishirini kwa siku zote alizokaa na familia, amefanya vizuri. Akishindwa, aseme asante kwa jina la mtu. Sijawahi kuona mhudumu aliyemchukia mgeni aliyeaga vizuri bila pesa. Anayechukiwa ni yule anayeahidi. "Nitakukumbuka siku ya kuondoka," halafu siku ya kuondoka anapitia mlango wa bustanini.

Bakshishi ya chumbani ina mambo yake, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiko nilikoanzia. Noti ukiiacha tu juu ya kitanda, mhudumu haigusi. Hajui kama umemwachia au umesahau, na kusahau kwako kunaweza kumfukuzisha kazi. Ataipeleka mapokezi, itaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahaulika: tarehe, namba ya chumba, "noti moja, 10,000", sahihi mbili. Itakaa humo miezi mitatu. Daftari letu limejaa wema wa watu ambao haukufika. Chukua karatasi ile ya hoteli iliyo kando ya taa, andika "Asante, ya mhudumu wa chumba", weka noti chini yake. Maneno matano tu. Na uache kila asubuhi badala ya kungoja siku ya mwisho, maana zamu zinabadilika. Aliyekufagilia mchanga siku nne anaweza kuwa amevuka kwenda mapumziko, na bahasha yako ikapokelewa na mtu aliyekuta chumba kisafi.

Vitu navyo ni hivyo hivyo. Kuna mama alimpa mhudumu wangu mkoba mzuri wa ngozi. Jioni, getini, mlinzi akafungua begi la binti kama anavyofungua la kila mtu, akakuta mkoba wa mgeni. Mama yule alikuwa ameshaondoka na boti ya saa nane na simu yake haipatikani. Tulimaliza suala baada ya siku mbili, lakini zile siku mbili binti alilia. Ukitoa kitu, andika barua ya mstari mmoja, weka sahihi, iache mapokezi. Na tafadhali, chupa ya mafuta ya jua iliyobaki robo si zawadi.

Pesa ya kigeni nayo ina mtego. Wageni wetu wa nje, na Watanzania wanaotoka safari, hupenda kuacha dola moja moja, au sarafu za yuro. Sarafu za kigeni hakuna atakayezibadilisha Mwanza nzima. Nina kopo la biskuti lililojaa yuro za chuma ambazo siku nikienda Ulaya nitakuwa tajiri. Dola ndogo ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti kubwa, iliyochanika hukataliwa, na mtu wa kisiwani hulipa nauli kwenda mjini kubadilisha. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma nchini zilipwe kwa shilingi, basi na mkono wa asante ufuate mkondo. Vunja pesa yako mjini kabla ya kupanda boti, elfu mbili mbili na elfu tano tano. Kisiwani hakuna mashine ya kutolea pesa, na sisi chenji yetu hutoka kwa wauza samaki.

Vijana watasema, si utume kwa simu? Tuma, ila usiombe namba ya binti. Nimekuwa na kesi tatu za mgeni aliyetuma elfu kumi Jumapili na kuanzia Jumatatu akawa anapiga saa tano za usiku. Pale mapokezi tuna lipa namba ya sanduku, imebandikwa ukutani. Ukiamua kumtumia mtu mwenyewe kwa ridhaa yake, basi tuma na ya kutolea. Unajua ninachosema.

Mkienda hifadhini, Saanane hapo karibu au Rubondo kule mbali, utaratibu ni mwingine. Askari wa hifadhi ni mtumishi wa umma. Viingilio vina namba ya malipo ya serikali, na mtu akikuambia umpe taslimu "atakumalizia", usimpe. Nilishawahi kuulizwa na mgeni wa Rubondo amwongezee kiasi gani askari ili wawafikie sokwe karibu zaidi. Nikamwambia hiyo ndiyo chai niliyoisema juu. Sokwe wale ni uzao wa walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960, na hawajasoma bei yako. Siku nyingine huwaoni, na umeshalipa.

Nimebakisha watu wa boti, ambao husahaulika kuliko wote. Nahodha na baharia wake hulala kwenye chombo, huamka usiku kutoa maji chomboni upepo ukigeuka, na ndio waliokufunga jaketi okozi ulipokuwa ukibisha kwamba unajua kuogelea. Wageni hupanga kuwapa wakishuka. Haiwezekani. Kamba haijafungwa vizuri gatini, wapagazi wameshaingia ndani, mmoja kashika begi lako, mwingine anakuita shemeji, wa bodaboda wanapunga funguo, na nahodha yuko nyuma kabisa anazima injini, mgongo umekuelekea. Ukija kumkumbuka uko Kirumba kwenye foleni.

Toeni mkiwa bado majini. Mkiuona Mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani karibu na mji wa Mwanza, mmoja wenu akusanye, aende nyuma kwenye injini, ampe nahodha mkono wa kulia. Asipige kelele. Mle ndani hata ukipiga hakuna atakayesikia.