Sukari haikuamshi vile unavyodhani

Ile imani kwamba ukichoka mchana au mudi ikishuka dawa ni soda au kitu kitamu imetushika wengi sana, na inaniuma maana tunazidi kujichosha. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na Ujerumani walikusanya tafiti 31 za watu wazima, wakakuta sukari haipandishi mudi hata kidogo, tena ndani ya saa 1 ya kwanza waliotumia sukari walikuwa wamechoka zaidi kuliko wale waliopewa kitu kisicho na sukari.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba sukari ya soda inaingia kwenye damu fasta, kongosho linamwaga insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ya kutosha, sukari inashuka, na kuna watu inashuka hadi chini ya pale ilipoanzia, basi njaa inarudi. Ukila maharage, mayai, karanga au nafaka isiyokobolewa, sukari ya damu inapanda taratibu. (Mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa sukari ni habari nyingine, huyo mpe sukari haraka.)

Na kama uchovu hauishi wiki na wiki kapime damu jamani, unaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake.