WSM ya Nashville haikuzaliwa redio ya country

Wengi huamini WSM, redio ya mji wa Nashville, Marekani, ilianzishwa kwa ajili ya muziki wa country. Sivyo. Ilifunguliwa Oktoba 5, 1925 na kampuni ya bima ya National Life, kwa nia ya kujitangaza, na okestra zilipigwa sana hewani. Novemba 28 mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, aliketi mbele ya maikrofoni na fidla yake. Hapo kilianza kipindi cha muziki wa country, na ndicho kilichoitwa Grand Ole Opry mwaka 1927. Tena redio ya WBAP ya Fort Worth, Texas, ilishatangulia na kipindi cha namna hiyo Januari 1923.

Kilichoifikisha WSM mbali ni nguvu ya wati 50,000, tangu 1932, na mnara wa kurushia matangazo wa takriban meta 268. Baadaye ulipunguzwa hadi 246: kwa urefu ule wa kwanza, usiku mawimbi ya redio yaliyorudi kutoka angani yaligongana na yaliyosafiri ardhini, sauti ikafifia.