Usikhi: Chimbuko Lake na Imani Yake

Msafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa anayesimama Makindu, katika hekalu la Makalasinga, yaani Masikh, lililojengwa mwaka 1926, huvua viatu, hufunika kichwa, kisha huandaliwa chapati, dengu na chai pasipo kuulizwa dini yake wala kudaiwa pesa. Ukarimu huo, uitwao langar, ni nguzo ya Usikhi, imani iliyochipuka Punjab, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya India na Pakistan.

Mwasisi wake, Guru (yaani mwalimu wa kiroho) Nanak, alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, mji unaoitwa sasa Nankana Sahib. Katika jamii ambamo tabaka la kuzaliwa liliamua hata nani ale na nani, alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hazaliwi wala hafi, na kwamba mbele yake wanadamu wote ni sawa, wanaume kwa wanawake. Ndiyo maana katika langar tajiri na maskini huketi sakafuni safu moja, wakala chakula kile kile. Nanak hakusifu kujitenga msituni. Alitaka mtu aishi na familia yake, amkumbuke Mungu daima, achume kwa jasho la halali na agawane na wenzake alichochuma.

Maguru tisa walimfuata katika uongozi. Wa tano, Guru Arjan, alikusanya maandiko mwaka 1604 na kuingiza humo tungo za watu wasio Makalasinga, akiwemo Shekhe Farid, sufi wa Kiislamu. Moyo mpana namna hiyo ni nadra katika historia ya dini. Miaka miwili baadaye Guru Arjan aliuawa Lahore chini ya utawala wa Wamogoli, wafalme Waislamu waliotawala India wakati huo, na mwaka 1675 Guru wa tisa, Tegh Bahadur, naye akakatwa kichwa Delhi.

Mwaka 1699, huko Anandpur, Guru wa kumi, Gobind Singh, aliunda udugu wa Khalsa, ambao waumini wake hujulikana kwa nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula maalumu na kisu. Mapokeo yanasimulia kwamba watano wa kwanza walitoka katika matabaka mbalimbali, na baada ya kuwaingiza aliwaomba wao wamwingize yeye. Kabla ya kufariki mwaka 1708 alikomesha mfululizo wa Maguru wa kibinadamu. Tangu hapo Guru wao ni kitabu, Guru Granth Sahib, ambacho mwumini yeyote, mwanamume au mwanamke, anaruhusiwa kukisoma mbele ya mkutano.