Si kila mota inayonguruma ina beringi mbovu

Wiki hii nimepigiwa simu na meneja wa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Lunga Lunga, Nairobi. "Fundi, ile mota kubwa ya feni ya boila inanguruma vibaya. Beringi tumeshanunua, wewe njoo uzifunge tu." Nikamuuliza ni nani aliyeipima. Akajibu hakuna haja ya kupima, mota ikipiga kelele ni beringi. Kauli hii nimeichoka. Nimeona pesa na saa za uzalishaji zikiteketea kwa sababu yake, na mota nzima zikiumizwa kwa kung'olewa beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Naelewa inakotoka. Beringi utazipata Kirinyaga Road leo leo, fundi yeyote mwenye pula, kifaa cha kung'olea beringi, anaweza kuzitoa, na mara nyingine kelele hupungua kweli baada ya kuzibadilisha. Hapo ndipo watu hunaswa. Ili ubadilishe beringi lazima uachanishe kapulingi inayounga shafti ya mota na mashine, uitoe mota kwenye msingi, kisha uirudishe, uipange upya na ukaze bolti zote. Umegusa mambo mengi kwa pamoja, halafu sifa zote anapewa beringi. Bolti zikilegea tena na kelele ikirudi, lawama inamwendea muuzaji kwamba ameuza bandia. Bandia zipo, tena nyingi. Ila hiyo ni kesi nyingine.

Mota yenyewe ni ya kilowati 250, poli 2 (yaani ncha mbili za sumaku), na bamba lake linasema mizunguko 2,975 kwa dakika. Nilisimama karibu nayo, nikamwomba opereta aizime. Mvumo ulikatika papo hapo, kasi ikiwa bado haijashuka hata kidogo, na rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, ikaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu ikitoa sauti ya upepo tu. Beringi haijui kama stima imekatwa. Kama vipira vyake vimechunika, vitakwaruza mpaka shafti isimame. Kelele inayokufa pamoja na stima ina asili ya sumaku, na hapo unatafuta chanzo kwenye volteji, stata (sehemu ya nje isiyozunguka), rota au namna mota ilivyokalia msingi wake.

Kipimo hiki ni cha bure, lakini kina mitego. Kama mota inaendeshwa na draivu, kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha kasi yake, hakikisha imewekwa iachie kabisa. Ikiwa imepangwa kupunguza kasi polepole, bado inalisha mota na utadanganyika. Pia ukikata stima unaondoa mzigo kwa wakati huo huo, kwa hiyo kelele ya giaboksi iliyokuwa ikibanwa na mzigo nayo inaweza kunyamaza. Kwa pampu inayosimama haraka, una sekunde chache tu za kusikiliza.

Volteji za fezi tatu zilikuwa sawa. Naipima kila mara, maana tofauti ya asilimia 1 kwenye volteji inaweza kuzaa tofauti ya asilimia 6 hadi 10 kwenye ampea. Tukakata stima, tukaweka kufuli kwenye swichi, nikaweka geji ya sindano, ya kupima msogeo mdogo, juu ya kila mguu wa mota na kulegeza bolti moja moja. Miguu mitatu ilitulia. Wa nne ukainuka milimita 0.18, mimi nikiona zaidi ya 0.05 siondoki. Chini yake palikuwa na vipande vya mkebe wa rangi vilivyokunjwa mara mbili, vimeshika kutu, na kimoja kilikuwa bado kina maandishi. Ukikaza bolti juu ya mguu wa namna hiyo unaipinda fremu nzima. Nafasi kati ya rota na stata, ambayo kwa mota kama hii ni milimita moja au mbili hivi, haiwi sawa pande zote, na sumaku inaivuta rota upande mmoja zaidi. Mvuto huo hupanda na kushuka mara mbili kwa kila wimbi la stima. Stima yetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo ni wa hezi 100.

Tulitoa takataka zile, tukaweka shimu safi, vile vibati vya kusawazisha mguu, nikahakikisha kapulingi iko sawa, tukawasha. Ule mngurumo mkubwa ukaisha. Beringi mpya zimebaki stoo ndani ya maboksi yake.

Kilichobaki ni mvumo mdogo unaopanda na kushuka, kama mara hamsini kwa dakika. Meneja akanigeukia: "Sasa hiyo si ndiyo beringi?" Hiyo, bosi, ndiyo sauti inayopoteza watu wengi kuliko zote, na mafundi wakiwemo.

Kwa stima ya hezi 50 na poli 2, sumaku inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Chukua 3,000 utoe 2,975 za rota. Slipu, yaani kiasi ambacho rota inabaki nyuma ya sumaku, ni 25. Zidisha kwa poli 2, unapata 50, na hayo ndiyo mapigo unayoyasikia kwa dakika. Tatizo ni kwamba mambo mawili tofauti kabisa yanatoa mapigo ya kasi hiyo hiyo. La kwanza halina madhara makubwa: shafti ikitikisika mara mbili kwa kila mzunguko inatoa sauti ya hezi 99.17, inakutana na ile ya sumaku ya hezi 100, na sauti hizo mbili zikijumlika zinavuma na kufifia. La pili ni bari za rota, vile vyuma vinavyopitisha umeme ndani yake, zilizovunjika, na hilo linaweza kukuachia mota iliyoharibika kabisa. Sikio haliwezi kutenganisha haya mawili. Anayekuambia analitambua kwa kusikiliza tu, usimpe mota yako.

Programu ya simu ya kuchora masafa ya sauti husaidia, lakini ukirekodi sekunde moja utaona mlima mmoja tu, kwa sababu 99.17 na 100 zimekaribiana mno. Rekodi dakika nzima. Kwa bari za rota napima ampea na kuzichora kwa masafa vivyo hivyo: mota ikiwa na mzigo wa kutosha, natafuta vilima viwili vidogo kando ya hezi 50, kwenye 49.17 na 50.83. Vikiwa chini ya kilima kikuu kwa desibeli 54 au zaidi, nalala usingizi. Tofauti ikishuka hadi 45, nataka rota itolewe tuitazame.

Kati ya namba hizo mbili ndiko ninakohangaika. Mzigo wenyewe ukiwa unadunda, mfano kompresa ya pistoni, huchora vilima vinavyofanana na hivyo. Ziko pia rota zisizo na kosa ambazo zimeundwa kwa namna inayotoa alama hiyo hiyo tangu zikiwa mpya. Nimewahi kumwambia mteja kwamba siwezi kuamua leo, tupime tena mzigo ukibadilika. Hakufurahi, lakini hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Mota hii ya feni ilitoka salama kabisa, nikaiacha na mapigo yake.

Beringi huharibika, bila shaka. Ila ikifika hatua ya kusikika kwa sikio imeshachelewa. Dalili za mwanzo ziko juu ya masafa ya sikio la binadamu, kwa hiyo mota iliyonyamaza nayo si lazima iwe nzima. Ikilia ukaipa grisi ikanyamaza kisha ikalia tena, itoe, usiendelee kuijaza. Mluzi mwembamba kwenye mota ya draivu kwa kawaida hutoka kwenye draivu.

Kwa mota za poli 2, kelele kubwa mara nyingi ni ya feni yake ya kupoza. Kuna mahali niliikuta imezibwa kwa gunia ili watu wasikilizane. Mota za kawaida zimepangiwa kufanya kazi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, upoaji umeshapungua. Gunia litoke leo.

Na mota za mkanda zenye beringi za rola upande wa puli, zile za namba zinazoanza na NU, msizihukumu zikiwa zimewashwa tupu kwenye karakana. Bila mzigo wa kuzikandamiza, rola huteleza badala ya kubingirika na hupiga kelele ya kutisha, na ukiiacha hivyo kwa muda, beringi isiyo na kosa inaumia mbele ya macho yako. Ifunge mkanda kwanza, ndipo usikilize.