Jaji haoni saa uliyoamka

Jumamosi tumemaliza mashindano ya picha ya klabu yetu hapa Bagamoyo, na kabla sijapanda hata bodaboda kijana mmoja kanifuata, shikamoo mwalimu, marahaba, halafu likaja lile lile. "Mwalimu, ile picha yangu ya ngalawa mmeipa 14 kwa sababu hamjui nimeipataje. Nimeamka saa tisa usiku, nimeingia kwenye maji mpaka kiunoni, simu nusura idondoke baharini." Nimelisikia hili neno kwa watu wengi mno, vijana kwa wazee, na kila mara najibu nikiwa nimesimama njiani huku bodaboda ananisubiri, kwa hiyo leo nimekaa naliandika lote.

Kwanza namwamini. Najua aliamka saa tisa, najua maji yalikuwa yamejaa. Ila hayo yote hayamo kwenye picha. Picha inapandishwa pale ukutani, jina limefichwa, majaji watatu tumekaa gizani kila mtu na karatasi yake, alama kwa 20, na tunachokiona ni kile kilichomo ndani ya fremu basi. Ndani ya fremu kulikuwa na ngalawa katikati, jua limeungua jeupe pee halina hata chembe ya rangi, na mlingoti wa mashua ya nyuma umetokea juu ya kichwa cha mvuvi utadhani kaota pembe. Hapo nitoe alama ya saa tisa usiku niiweke wapi?

Habari za kamera kali sina muda nazo. Picha ya kwanza safari hii imepigwa kwa simu, ya pili kwa kamera ya kuazima.

Kinachoniumiza ni hiki cha mtu kuchanganya kilichompata na alichokipiga, na naomba nikae hapa kidogo maana wengi wanadhani ni ukali wa majaji tu. Ukiipiga picha wewe ulikuwepo. Ulisikia upepo, ulisikia harufu ya samaki wanaokaangwa pale sokoni, mvuvi alikutania, moyo ulikuwa unadunda. Ukifungua ile picha nyumbani kichwa chako kinakurudishia vyote hivyo, unaviona kabisa, na unaamini viko pale kwenye kioo cha simu. Mwenzako hakuwepo. Yeye anaona rangi na mistari na mwanga, na jicho lake linakwenda kwanza pale penye ung'avu zaidi, na kama penye ung'avu zaidi ni ndoo nyeupe ya plastiki iliyoko pembeni, basi hiyo picha yako ni picha ya ndoo. Nimewaambia watu wa klabu mara kwa mara, kabla hujatuma, mpe simu mtu ambaye hakuwepo, nyamaza kimya, usimwambie "angalia pale", usimwambie chochote, halafu tazama macho yake yanaanzia wapi na yanakomea wapi. Wengi hawawezi kunyamaza. Sekunde ya pili tu washaanza kueleza.

Na milango jamani! Kila shindano naletewa milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, imepigwa kwa mbele, imenyooka, kali kabisa, na mwenye nayo anashangaa kupewa 13. Ule uzuri ni wa fundi aliyechonga. Yeye ndiye aliyekaa na patasi, yeye ndiye aliyejua ua likae wapi na mnyororo upite wapi, wewe umetuonyesha kazi yake, umeongeza nini? Sikatazi milango. Mwaka juzi mwanachama mmoja alileta mlango ule ule ambao nimeshauona labda mara thelathini, ila ulikuwa umeachwa wazi kama upana wa kiganja, mwanga mwembamba umetokea ndani ukalala kwenye kizingiti, na juu ya ule mwanga kuna kandambili moja ya bluu, ya mtoto, ya pili haipo. Nakshi yenyewe ilikuwa nusu gizani. Nilitoa 19 na nimekuwa nikiifikiria ile kandambili mpaka leo.

Na historia nayo haiingii kwenye fremu kwa sababu tu unaijua. Mtu analeta mnara wa kanisa la zamani la misheni, mchana wa saa saba, mbingu nyeupe, halafu anasema lakini mwalimu humu ndimo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Ni kweli, ulilazwa humo. Mimi kwenye picha naona mnara na waya wa umeme. Magofu ya Kaole hapa jirani hivyo hivyo, makaburi yale ya mawe ya matumbawe yana karne na karne, lakini ukiyapiga jua liko utosini, jiwe linakuwa bapa kama kadibodi, zile alama za mikono ya mafundi hazionekani kabisa. Nenda asubuhi mwanga ukiwa unapita ubavuni uone jiwe lilivyo.

Halafu naomba niseme kuhusu vichwa vya picha. Safari hii tulipata picha mbili, jua liko juu ya bahari, kichwa kinasema "Machweo Bagamoyo". Ndugu zangu, bahari yetu iko mashariki. Jua hapa linatoka baharini, linazama bara nyuma ya minazi. Jaji wa kutoka mbali anaweza asijue, sisi wa hapa tunajua, na tukishaona hivyo tunaanza kujiuliza kama mpigaji alikuwa anaangalia anachokipiga. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kama digrii 15 kwa saa, nusu saa tu tangu lichomoze lishakuwa digrii 7 na ule mwanga laini unaisha. Ulaya huko wakati wa kiangazi wana muda mrefu wa kuchezea, sisi hatuna. Kwa hiyo ukifika ufukweni ndo unaanza kutafuta pa kusimama, umeshachelewa. Chagua mahali jana yake jioni.

Theluthi pia, ile kanuni ya kugawa fremu mara tatu kwa mistari na kuweka kitu chako pale inapokatana, haraka haraka. Kuna wanaokuja na gridi ya simu kunithibitishia kwamba mvuvi yupo pale pale mistari inapokatana, sasa kwa nini 14? Mwingereza mmoja mchoraji, John Thomas Smith, aliandika hilo la theluthi mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari, picha za kamera hazijakuwepo bado. Ni ushauri mzuri tu. Hakuna jaji mwenye rula.

Sura za watu ni jambo zito zaidi na naona tunalipuuza. Kamera inapopima mwanga inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukimweka mvuvi mweusi mbele ya bahari inayong'aa, kamera inaona ung'avu mwingi, inapunguza, na uso wa mtu unakufa. Nyumbani unafungua programu unavuta vivuli juu mpaka mwisho, ngozi inakuwa kama majivu, chengachenga zinajaa, na kuna mstari mweupe unazunguka kichwa. Ukutani pale inaonekana yote. Ongeza mwanga pale pale kabla hujapiga, bahari ikiungua kidogo iache iungue kama unachotaka ni uso, au mwambie mzee ageuke, mchanga mweupe umrudishie mwanga kutoka chini. Ngozi zetu zina rangi nyingi mno, kuna wekundu, kuna bluu ya asubuhi, na picha inayozibakiza hizo rangi mimi naipa alama bila kusita.

Sasa niseme na yangu, maana kuna mambo sina uhakika nayo. Hizi alama kwa 20 kwa kweli si kwa 20. Hakuna anayetoa 6, tunaanzia 12 au 13 kwa sababu hatutaki kumvunja mtu moyo, kwa hiyo tofauti ya picha mbovu na nzuri imebanwa kwenye alama chache na moja tu inaweza kukutoa kwenye tatu bora. Picha za mwanzo tunazibania tukiogopa zitakuja bora zaidi, za mwisho zinatukuta tumechoka. Niliwahi kuchukua picha za shindano moja nikazipa alama upya peke yangu baada ya mwezi, sikuangalia karatasi ya kwanza, na kadhaa zilipanda au kushuka mbili, tatu. Nililala vibaya siku ile. Ndo maana nilisisitiza tuwe watatu, na picha zipite mara moja zote kabla ya kuanza kutoa alama.

Na kuna picha za habari, hizo zinanisumbua zaidi. Mama ameshika shati tupu. Bila maelezo ni mama na shati, ukiambiwa ni shati la mwanawe aliyepotea baharini unashindwa kuongea. Je, hapo maelezo ni sehemu ya picha? Wenzangu wawili wanasema ndiyo, mimi moyo unasema ndiyo lakini karatasi ya alama inanikatalia, na hatujaafikiana.

Turudi kwa kijana. Nilimwambia fungua simu nione zote ulizopiga asubuhi ile. Tukakaa kwenye kibaraza cha duka, bodaboda nikamruhusu aende zake. Ngalawa, ngalawa, jua, ngalawa, halafu ikapita moja kwa haraka nikamshika mkono, rudisha nyuma. Mvuvi kainama anafua maji kwa dumu lililokatwa, huoni uso, unaona mgongo na mkono mmoja, na maji yako hewani yametandazika kama kitambaa, mwanga umepita katikati yake. Nyuma hakuna kitu, bahari tu.

"Hii kwa nini hukuleta?"

"Ah, hiyo mwalimu haikunipa shida. Nilikuwa nimeshatoka kwenye maji, nimekaa najikausha, nikaibonyeza tu."

Ataileta shindano lijalo. Mimi nimemwambia katibu atafute jaji mwingine wa kukaa nafasi yangu siku hiyo, maana sasa nishajua ilivyopatikana.