Mfumo wa papo kwa papo kiwandani: dhana potofu na ukweli wake

Viwanda vyetu vingi bado vinahesabu uzalishaji kwa karatasi. Zamu ya usiku inaandika, msimamizi anajumlisha asubuhi, na meneja anaona hasara saa nne, wakati mashine iliyoleta hasara imeshaharibu chupa nyingine. Ndiyo maana mifumo ya papo kwa papo, yaani ya kompyuta inayopokea taarifa za mashine mambo yanapotokea, inanunuliwa. Wengi huishia kuvunjika moyo kwa sababu ya mambo waliyoyaamini kabla ya kununua.

"Papo kwa papo ni kasi tu." Hapana, ni taarifa kufika kabla muda wa kuamua haujapita. Kidhibiti kinachoendesha mashine ya kujaza chupa lazima kifunge vali ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kila mara. Skrini ya msimamizi wa zamu ikichelewa sekunde tano, hakuna kinachoharibika. Hesabu za bohari zinaweza kungoja zamu iishe. Hatari ipo pale mtu anapovichanganya hivi, akaacha vali itegemee intaneti.

"Ukishafunga sensa (vifaa vya kuhisi) kwenye mashine, mfumo unajua kila kitu." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Sensa inajua kwamba laini ya uzalishaji ilisimama saa nane usiku kwa dakika 11. Kwa nini ilisimama, haijui. Niliwahi kusimama nyuma ya opereta katika kiwanda kimoja cha maji. Vizibo vilikuwa vimekwama kwenye mfereji wa kuteremkia. Akavisukuma kwa fimbo nyembamba ya plastiki, akawasha mashine, kisha akageukia skrini iliyokuwa ikimdai sababu. Orodha ilikuwa na sababu zaidi ya 40, karibu zote kwa Kiingereza, na nyuma yake chupa zilikuwa zinajazana. Akabonyeza ya mwisho: "Nyingine". Wenzake nao walikuwa wakifanya hivyo hivyo, kwa hiyo mwisho wa mwezi "Nyingine" ndiyo iliyoongoza kwenye ripoti, na vizibo vyenye kasoro vikaendelea kupokelewa. Baadaye wasimamizi waliketi na maopereta, wakabakiza sababu nane kwa maneno wanayoyatumia wenyewe. Haikupita wiki, "vizibo vimekwama" ikapanda kileleni, na watu wa ununuzi wakawa na la kumwambia msambazaji.

"Mashine zetu ni za zamani mno." Sensa ya mwanga inayohesabu chupa zinazopita, na waya kutoka kwenye taa inayoonyesha kama mashine inafanya kazi, vinatosha kuanzia.

"Asilimia ikipanda, kiwanda kimeboreka." Kipimo kinachotumika sana, OEE (ufanisi wa jumla wa mashine), kilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima: unazidisha asilimia tatu, za muda mashine iliofanya kazi, kasi yake ikilinganishwa na kasi ya kawaida, na ubora wa bidhaa. Asilimia 90 mara 95 mara 99 inatoa karibu 85, na hiyo 85 imegeuka lengo la kila mtu. Lakini shusha kasi ya kawaida kwenye mipangilio, kutoka chupa 200 kwa dakika hadi 160, na asilimia itapanda bila chupa hata moja kuongezeka. Mwulize msimamizi wako nani ana ruhusa ya kuibadilisha namba hiyo.

"Mfumo mkubwa hauangushwi na kitu kidogo." Mwishoni mwa Agosti 2023 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunganisha magari nchini Japani. Haukuwa uvamizi wa mtandaoni. Wakati wa matengenezo ya kawaida ya mfumo wa oda za vipuri, nafasi ya kuhifadhi data kwenye seva (kompyuta kuu za mfumo) ilijaa. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo huo huo, zikapata tatizo lile lile, na hakukuwa na pa kuhamia. Hii ni kampuni ambayo kwa miongo mingi imempa mfanyakazi wa kawaida kamba ya kuvuta ili laini isimame akiona kasoro.

Kwetu, umeme ukikatika na jenereta likachelewa, hali hiyo inaweza kutokea bila hata diski kujaa. Kwa hiyo wakati wa majaribio, kabla hujasaini malipo ya mwisho, mwambie muuzaji azime seva laini ikiwa inatembea. Tazama kama mashine zinaendelea, opereta anaandika wapi, na seva ikiwaka, zile dakika zilizopotea zinaingizwa na nani.