Kabla ya Kupaka Rangi, Tafuteni Maji

Kila mwezi wa Mei, mvua za mwaka zinapokolea, benchi la kliniki yetu ya kifua hujaa tangu alfajiri. Katika msimu mmoja kama huo alikuja mama wa Mji wa Kale, Mombasa, na kijana wake wa miaka saba. Pumu yake tuliijua, pampu alikuwa akiivuta ipasavyo, na bado usiku haupiti bila kifua kulia mluzi.

"Daktari, mchana yu mzima, mpira anacheza. Akishalala tu, basi."

Nikamuuliza mtoto analala wapi. Chumba cha nyuma, godoro limeegemea ukuta. Na ukuta ukoje, mama? Akanyamaza kidogo. "Una unyevu. Lakini tumeupaka rangi ya mafuta juzijuzi. Mara ya tatu hii."

Hiyo mara ya tatu naisikia mno, ndiyo maana naandika. Watu wanatumia fedha nyingi kuficha ukungu, na ukungu unarudi, na mtoto anaendelea kukohoa.

Ukungu, au kuvu, ni kiumbe hai. Vijimbegu vyake viko hewani wakati wote, nyumbani kwako, kwangu, sokoni Kongowea. Chakula chake ni chochote: vumbi, mbao, karatasi, ngozi ya kiatu, gundi ya kabati. Kinachoupungukia ni maji peke yake. Kitu kikilowa kikakaa siku moja au mbili bila kukauka, unaanza kuota. Kwa hiyo ukuta wenye ukungu ni ukuta wenye maji, na swali la kwanza ni yametoka wapi.

Nilikwenda kuiona nyumba. Nyanya wa mtoto, baada ya shikamoo na marahaba, alinionyesha mwenyewe. "Zamani nyumba hii tukiipaka chokaa, mwanangu. Haikuwa hivi." Alikuwa amesema kweli kuliko fundi. Kuta za kale za Mombasa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa upepo ukivuma. Chokaa mbichi pia ni kali, na kuvu haiipendi. Ukiufunika ukuta huo kwa lipu ya simiti na rangi ya mafuta, maji yanaingia kutoka chini au darini lakini njia ya kutokea umeiziba. Chumvi iliyomo ukutani inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, ndiyo yale mabamba yanayobambuka. Na chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ukuta hulowa hata siku isiyo na mvua. Nyumba mpya nazo hazijasalimika: fundi akichanganya simiti kwa maji ya kisima yenye chumvi, ameujengea ukuta kiu isiyokatika.

Shauri la "fungua madirisha" ninalitoa pia, lakini kwa uangalifu. Hewa ya Mombasa yenyewe imejaa maji. Dirisha litatoa mvuke wa sufuria na wa bafuni, na upepo wa kusi utakausha sakafu na shuka, ila ukuta unaovuja hauutibu. Na chumba chenye kiyoyozi kina mambo yake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Ukipoza chumba hadi 20 huku dirisha liko wazi, au ukuta wake umepakana na jiko la jirani, ukuta utatoka jasho kama glasi ya sharubati. Nimeona makabati mapya ya nguo yameota ukungu mgongoni kwa sababu hiyo tu. Yasogezeni mbali na ukuta, walau shubiri moja.

Sasa kifua. Wengi wataishi na ukungu wakapata mafua yasiyoisha, macho kuwasha na chafya za asubuhi, basi. Mwenye pumu ndiye anayelipa zaidi, maana njia zake za hewa zimekwisha kuwa nyepesi kukasirika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na halikuweka kiwango cha kuvu kinachosemwa ni salama. Lilisema unyevu uzuiwe na uondolewe. Kwa hiyo anayetaka kukuuzia kipimo cha hewa kabla hujaziba bomba, mwambie asubiri. Wala msitishwe na rangi: ukungu mweusi si lazima uwe mbaya kuliko wa kijani.

Wanaonitia hofu zaidi ni waliougua kifua kikuu wakapona. Ugonjwa ule huweza kuacha mapango ndani ya pafu. Kuvu ya Aspergillus, ambayo upana wa kijimbegu chake ni kama sehemu mbili au tatu za milioni za mita, hupita puani hadi mwisho wa pafu, na ndani ya pango inaweza kukua ikawa donge. Mtu anakohoa, anakonda, anatema damu. Kila mtu anasema kifua kikuu kimerudi, naye anaanzishwa dawa zile zile, ilhali makohozi hayaonyeshi kitu. Kama ni wewe, au ni mzee wako, ombeni picha ya kifua na kipimo cha damu cha kuvu hii. Dawa zake ni tofauti kabisa. Vijimbegu hivyo viko hata nje, sitasema nyumba ndiyo iliyomuumiza, lakini mtu huyo asiwe yeye wa kukwangua ukuta.

Katika chumba kile kulikuwa na jambo la pili. Ili kuua uvundo, kila magharibi waliingiza chetezo cha udi, kisha dawa ya mbu ya kuwasha usiku kucha, mlango umefungwa. Udi ni heshima ya nyumba zetu na simwambii mtu auache. Ufukizeni madirisha yakiwa wazi, mtoto yuko nje. Dawa ya kuwasha ndiyo nisiyoivumilia: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, kwa dawa za Uchina na Malaysia, ulikuta koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa sababu ya mvua, hata dakika kumi. Gesi yake haina harufu, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Kusafisha, tumieni maji, sabuni na brashi, ukuta ukiwa umelowa ili vijimbegu visiruke, barakoa usoni, kisha mkaushe. Godoro lililoota ndani litupwe. Klorini msiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Nimewapokea watu waliovuta gesi hiyo.

Maji ya nyumba ile yalitoka kwenye bomba la bafu la ghorofa ya juu, likivuja polepole ndani ya ukuta. Baba aliliziba, wakabambua lipu na rangi zote tatu, ukuta wakauacha uchi hadi kaskazi ilipoingia, ndipo wakapaka chokaa. Mtoto alihamishiwa chumba cha mbele kwa nyanya yake. Pampu bado anayo, pumu haikuondoka. Mei iliyofuata mama alikuja kuchukua dawa tu, na mtoto alikuwa shuleni.